Majike wa Ghuba ya Nkanda

Otilia Mbunda alimlaza samaki tumbo juu kwenye kiganja kilicholowa, akainamisha lenzi, akatazama. Akamrudisha kwenye ndoo. Kisha akamtoa tena na kumtazama upya, kama mtu aliyedhani macho yamemdanganya.

"Vipi, Daktari?" aliuliza Edina Chawala. Alikuwa ameketi ukingoni mwa boti, miguu yake ikiwa bado majini, maji yakichuruzika kutoka kwenye suti yake ya kuzamia. "Dume huyo mbona unamkagua hivyo?"

"Umemtoa wapi?"

"Hapo mwambani, nje ya vizimba vya kampuni. Mzuri, siyo? Tangu nianze kuzamia sijaona chilanga wa porini anayewaka namna hii."

Aliwaka kweli. Bluu yake ilikuwa ya moto wa jiko la gesi, na kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yalijipanga madoa ya njano mfano wa mayai. Hizo ndizo dalili za chilanga dume. Jike hana makuu: ni wa kijivu cha tope, na doa lake, akiwa nalo, limefifia. Lakini rangi ni kama nguo. Anayetaka kujua ukweli humgeuza samaki na kutazama matundu mawili yaliyo nyuma ya tumbo, la haja na la uzazi. Kwa dume yanalingana. Kwa jike, la uzazi ni pana, maana mayai hupita hapo.

La huyu lilikuwa pana.

"Siyo dume," Otilia alisema.

Edina alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Jike la bluu? Hao si wenu wa kwenye matangi?"

"Ndiyo. Wa kwenye matangi."

Kwenye matangi ya kampuni ya Rangi za Nyasa, majike wa bluu walikuwa maelfu, na aliyewafanya hivyo alikuwa Otilia mwenyewe. Zamani wanunuzi wa Dodoma, Dubai na Osaka, watu wenye nyumba ambazo ukuta mzima ni kioo na maji, walitaka madume tu. Nusu ya samaki waliozalishwa walitupwa kwa sababu walizaliwa majike. Otilia akatengeneza kijidudu cha kuishi kwenye utumbo wa samaki, kampuni ikakiita Mshumaa. Kijidudu hicho kilitoa rangi, na kilitoa pia kichocheo cha kiume, basi samaki yeyote aliyekibeba aliwaka, dume kwa jike. Jike la namna hiyo halikutaga, na kampuni ilifurahi, kwa kuwa mnunuzi asingeweza kuzalisha mwenyewe.

Mshumaa ulikuwa na kufuli. Haukuweza kuishi bila kirutubisho kimoja ambacho ziwani hakipo, kilichochanganywa kwenye chakula cha kampuni peke yake. Samaki akitoroka, kijidudu hufa kabla hajafika mbali. Hivyo ndivyo Otilia alivyowaahidi wote waliomuuliza.

Alichukua utepe wa kipimo, akaugusisha kwenye tundu la haja la samaki, akausubiri kwenye jua. Utepe ulianza kugeuka ukingoni, kisha ukawa zambarau wote.

"Dada Edina," alisema polepole. "Umeona wangapi kama huyu?"

Edina aliyatazama maji, akatazama mwamba uliokuwa chini yake. Hakuwa na cheko tena.

"Nilidhani ni mwaka wa madume," alisema. "Wamejaa."

*

Banda la uchambuzi lilinuka samaki na mwani. Wanawake wa kijiji walisimama kando ya meza ndefu zenye mikondo ya maji, wakimpima kila samaki kwa jicho: rangi, mapezi, ukubwa. Sefania Kihwili, mwenye kampuni, alikuwa akipita katikati yao akiwasalimia kwa majina ya watoto wao. Alizaliwa Nkanda, akaondoka, akarudi na matangi. Zahanati ilijengwa kwa mkono wake, na maji ya bomba pia.

Alipomwona Otilia na ndoo, alimwongoza hadi nyuma ya banda, pampu zinakonguruma, ili mtu asisikie.

"Mmoja," alisema baada ya kusikiliza. "Samaki mmoja, Daktari wangu."

"Edina ameleta kumi na mmoja baada ya huyo. Tisa wana Mshumaa. Watatu kati ya hao wamezaliwa porini, Bosi, hawana alama yetu. Kufuli limevunjika. Kijidudu kimejifunza kuishi bila chakula chetu."

"Basi tutaacha kukitumia. Leo hii."

"Haitasaidia. Kiko nje tayari." Otilia aliweka ndoo chini. "Chilanga hulea mayai mdomoni. Mama akikipata akiwa ameshabeba, watoto wanakipata kabla hawajaona maji ya ziwa. Wote wanakuwa bluu. Hakuna wa kutaga. Mwamba unawaka miaka michache, ukipendeza kuliko miamba yote, kisha unakuwa mawe matupu."

"Chilanga hatoki kwenye mwamba wake. Mchanga humzuia, hata mimi najua."

"Magege hauwazuii."

Kihwili aligeuka kuitazama ghuba. Magege ndio waliokuwa kitoweo cha pwani yote, na wakati huo walikuwa wamejaa kwenye kina kifupi cha ghuba, wakichimba viota vyao. Mvua zikianza hutawanyika ziwa zima, kaskazini hadi Kyela na ng'ambo hadi Malawi.

"Umewapima?"

"Watano. Mmoja anao. Na magege pia hulea mdomoni."

Pampu zilinguruma. Ndani mwanamke mmoja alitania jambo, wenzake wakaangua kicheko.

"Dawa yake nini?" Kihwili aliuliza, ingawa usoni alionekana ameshajua.

"Utupa. Sumu ya samaki, ile ya maabara, siyo ya kusaga majani. Ghuba yote, toka mchanga wa kusini hadi wa kaskazini. Kila chenye mashavu kife kabla ya mvua."

"Unajua unachosema? Hawa akina mama utawaambia nini? Kampuni itafungwa, hilo niache nalo, ni langu. Lakini unataka kuua samaki wa watu. Kitoweo chao." Alimshika mkono, si kwa ukali. "Nipe msimu mmoja. Tutafute kijidudu cha kukila hicho kingine. Wewe una akili hiyo."

"Nilikuwa na akili hiyohiyo nilipotengeneza kufuli."

"Ukipiga simu kwa Baraza la Ziwa, Otilia, kijiji hiki hakitakusamehe. Mimi nitajitahidi niwe wa mwisho kukuchukia, lakini nitafika."

Otilia alitoka nje ya uzio, akasimama kwenye jua kali mahali mtandao unaposhika. Alipiga simu. Ilipopokelewa alijitaja jina, akataja ghuba, kisha akasema kilichomo.

*

Jotham Mwasenga wa Baraza la Ziwa alifika toka Kyela na boti mbili za umeme na droni za kumwaga dawa, zilizofunikwa turubai. Alikuwa Mnyakyusa mtaratibu, mwenye kusikiliza hadi mwisho. Alipima samaki wake mwenyewe, na majibu yakawa yaleyale. Ndipo akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule.

Hakuficha kitu. Alisema ghuba itawekwa utupa kesho mchana, hewa ikiwa imetulia. Serikali italeta dagaa wakavu, maharage na unga hadi ziwa lipone. Samaki watakaokufa hawataliwa wala kuanikwa, watazikwa mbali na maji, maana kijidudu kitabaki hai ndani yao kwa muda.

Watu hawakupiga kelele. Otilia aliona afadhali wangepiga.

Edina ndiye aliyesimama. "Mimi nina swali kwa Daktari," alisema. "Nimesikia umeomba ruhusa ya kutoa mayai ya chilanga kabla ya sumu. Ukawalee milimani. Ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Magege wetu wanakufa. Mbasa wanakufa. Vituwi, kila kitu. Halafu samaki wa mapambo, wa kutazamwa na matajiri, huyo ndiye anayetafutiwa gari?"

Minong'ono ilipita uwanjani. Otilia aliinuka.

"Magege watarudi wenyewe. Wako ziwa zima, wataingia ghuba ikisafika. Chilanga wa kutaga wako hapa tu, kwenye mwamba huu. Akiisha hapa, ameisha duniani."

"Na mayai hayo, yana ugonjwa au hayana?"

Hilo ndilo swali ambalo Mwasenga alikuwa amemuuliza asubuhi, na ambalo lilimfanya akatae kwanza. Yai likitoka tu tumboni mwa mama ni safi ndani. Hatari ni ganda lake, lililokaa mdomoni. Ukiliosha kwa iodini, karibu hakuna kinachobaki. Karibu.

"Nadhani hayatakuwa nao," Otilia alisema. "Sina uhakika. Vijidudu vikiwa vichache hujificha kwenye ukuta wa utumbo, na utepe hauvioni. Hadi samaki wakue na kutoa rangi."

"Kwa hiyo unaweza kutuulia ziwa letu bure. Ukaliua, halafu ugonjwa ukawa unao wewe, kwenye beseni."

"Ndiyo. Inawezekana."

Edina alimgeukia Mwasenga. "Mimi nitamzamia kesho. Mwamba naujua. Lakini siku ya kupima rangi, nami niwepo. Na akikutwa mmoja tu, wote wafe mbele yangu."

Mwasenga alimtazama Otilia.

"Wafe," Otilia alisema.

*

Asubuhi maji yalitulia kama mafuta. Boti za Baraza zilisimama kwenye mdomo wa ghuba, droni zimevuliwa turubai. Mwasenga alikuwa amesema ataanza jua likifika utosini, akimaliza Otilia au asipomaliza.

Edina alizama na kuibuka, wavu wake mdogo ukiwa umejaa. Otilia aliwachambua haraka, boti ikiyumba. Wa bluu aliwaweka kando bila kuwageuza. Wa kijivu ndio aliowataka, na wa kijivu walikuwa wachache ajabu. Kati ya hao alitafuta wale ambao koo limevimba, kidevu kimeshuka, mdomo umebanwa kwa nguvu: mama aliyebeba.

"Huyu?" Edina aliuliza, ameshika ukingo.

"Ana mayai. Subiri." Otilia alimgeuza. Tundu pana, pezi halina doa. Utepe ulibaki mweupe. "Jike kweli. Safi, au karibu na safi."

"Usiniambie karibu."

"Ndilo neno nililo nalo, dada."

Alimshika mama kichwa chini kwenye bakuli, akaufungua mdomo wake kwa kijiti butu cha plastiki. Samaki alikaza taya. Chilanga anaweza kukaa wiki nyingi bila kula akilinda alichobeba, na huyu hakutaka kuachia. Otilia alisukuma kidogo tena. Mayai yakamwagika, ya rangi ya machungwa, makubwa kuliko mtu anavyotarajia kwa samaki mdogo vile. Aliyaosha kwa iodini, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akayaingiza kwenye chupa yenye hewa iliyokuwa ikiyazungusha polepole, kama mama anavyoyazungusha mdomoni.

Mama alibaki kwenye bakuli, akifungua na kufunga mdomo. Otilia alimtumbukiza kwenye ndoo ya utupa. Hakuna aliyekomaa aliyeruhusiwa kutoka.

Walipata mama wa pili, na wa tatu. Wa nne alikuja jua likiwa limeshapanda. Alikuwa mkubwa, koo limejaa kabisa. Otilia alimfungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa mayai.

Walikuwa watoto. Walikuwa wadogo kama mbegu za mchicha, macho meusi makubwa, mikia ikitikisika, kila mmoja bado ana kifuko cha kiini tumboni. Walijikusanya haraka wakitafuta mdomo waliotoka.

"Wengi hao!" Edina alisema. "Ni zaidi ya mayai yote uliyotoa."

Otilia alipima mama yao. Utepe ulibaki mweupe. Aliupeleka juani, bado mweupe.

"Safi," Edina alisema. "Waweke kwenye chupa."

"Wameshafungua midomo. Wamekunywa maji ya mama yao. Hata akiwa nacho kidogo tu, utepe usikione, hawa wanacho tayari, na iodini haifiki tumboni."

"Lakini huenda hana."

"Huenda hana."

Kule mdomoni mwa ghuba king'ora kililia kifupi. Otilia alishika bakuli kwa mikono miwili. Alifikiri juu ya chupa tatu ndogo miguuni kwake na jinsi mayai yanavyooza kwa urahisi. Hawa walikuwa hai tayari. Wangeishi. Hakuna ambaye angemuuliza walitoka wapi, na Edina mwenyewe alikuwa amesema waweke.

Alilimimina bakuli kwenye ndoo ya utupa. Watoto walizunguka mara mbili tatu, kisha wakaanza kushuka.

Edina alipanda botini. Aliwasha mota mwenyewe.

Droni ziliruka. Dawa ilishuka kama ukungu, maji yakageuka maziwa, kisha yakarudi kuwa ya kawaida, na kwa muda hakikuonekana chochote. Ndipo samaki wakaanza kupanda juu. Walikuja wakivuta hewa, wakigongana na ubavu wa boti: magege wenye mapezi mekundu ya msimu wa uzazi, vituwi, mbasa mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima akizunguka amelala ubavu. Kisha chilanga, mamia kwa mamia, wakapanda toka mwambani wakielea kwenye jua, na ghuba yote ikawa bluu.

Ufukweni watu walikuwa wamesimama na majembe. Mwanamke mmoja aliokota gege aliyeletwa na wimbi, akamshika kifuani kama anayetaka kuondoka naye. Askari wa Baraza alimsogelea. Mwanamke akamwachia yule gege.

*

Ghala la zamani la kahawa, juu kwenye milima ya Mbinga, lilikuwa baridi hata mchana, na matangi yalipashwa moto usiku na mchana. Hakukuwa na mto karibu, wala mfereji uliofika ziwani. Maji machafu yalichemshwa kabla ya kumwagwa. Otilia aliishi humo humo, kwenye chumba cha mlinzi. Kampuni ilikuwa imeshafungwa. Kihwili alimpigia simu mara moja, akasema wanawake wa bandani wametawanyika, wengine Mbamba Bay, wengine Songea, halafu akakata simu.

Mayai ya mama wa kwanza yalioza. Ya wengine wawili yalianguliwa. Watoto walikua, wote wa kijivu, kama inavyopaswa. Otilia aliwalisha mwani na uduvi, bila kitu chochote cha kuongeza rangi, na taa aliziweka hafifu. Mwanga mkali na chakula kizuri humpa rangi hata samaki asiye nayo nyingi, naye hakutaka rangi ya kubembelezwa. Alitaka waseme wenyewe.

Wa kwanza kugeuka alikuwa mkubwa wa tangi la kushoto. Siku moja alikuwa kijivu, siku ya pili mgongo una mng'ao. Otilia alifurahi. Lazima wengine wawe madume. Kisha akageuka wa pili, na wengine wanne kwa pamoja. Alianza kuamka na kwenda moja kwa moja matangini kabla ya kunawa uso. Kila asubuhi bluu iliongezeka. Walipopita nusu, aliacha kufurahi, akampigia Mwasenga.

Mwasenga alikuja na Edina, kama ilivyoahidiwa, na chupa ya kahawia ya utupa, yenye muhuri. Aliiweka mezani.

"Nusu na zaidi," alisema. "Ni kawaida?"

"Inaweza kuwa bahati tu. Inaweza kuwa Mshumaa. Tutamgeuza kila wa bluu. Wakiwa madume wote, ni bahati. Akiwa jike hata mmoja, kijidudu kimo."

"Na wa kugeuza ni wewe peke yako."

"Nyinyi mtatazama kwenye skrini. Mnaweza kuniuliza."

Alilowesha mkono, akamchota wa kwanza. Matundu mawili, madogo, yanalingana. "Dume." Akamweka kwenye beseni. Wa pili. "Dume." Edina alikuwa amesogeza kiti hadi karibu na skrini, mikono amefumbata. Kila neno lilipotamkwa, aliitikia kwa kichwa kidogo. Dume. Dume. Otilia alianza kuhisi joto likirudi vidoleni. Tangi la kushoto liliisha. Tangi la kulia likabakiza watatu, kisha wawili.

Wa mwisho alikuwa mdogo, bluu yake haijakolea. Otilia alimgeuza, akatazama, akasogeza taa.

Tundu la uzazi halikuwa pana. Lakini halikuwa dogo kama la haja. Lilikuwa katikati.

"Vipi?" Mwasenga aliuliza.

Kwenye skrini lilionekana kama mengine yote. Otilia alijua kwamba Mwasenga haoni tofauti, na Edina pia haoni. Dume mchanga huweza kuonekana hivyo. Jike mchanga huweza pia. Angesema "dume", huenda lingekuwa kweli, na chupa ya kahawia ingerudi Kyela na muhuri wake. Samaki wote wa aina ile walioweza bado kuzaa duniani walikuwa ndani ya ghala lile.

Samaki alipiga mkia kiganjani. Alimlowesha tena.

"Daktari," Mwasenga alisema.

"Sijui," Otilia alisema.

Edina aliinua uso.

"Sijui huyu ni nini. Kwa kumtazama nje siwezi kusema." Alivuta bakuli karibu. "Ipo njia moja tu. Ni kumpasua."

Otilia alidondosha mafuta ya karafuu kwenye bakuli, akamweka samaki ndani, akangoja hadi mashavu yakaacha kucheza. Kisha akamlaza kwenye karatasi yenye unyevu, akashika wembe. Alipasua toka nyuma kwenda mbele, akasogeza utumbo pembeni kwa sindano. Kama ni jike, chini ya uti wa mgongo kutakuwa na kifuko cha chembechembe za njano.

Ziliibuka nyuzi mbili nyeupe, laini, zimelala sambamba.

Aliongeza ukubwa wa picha. Akatafuta chembe ya njano upande huu, akatafuta upande wa pili. Hakuna.

"Dume," alisema. "Alikuwa dume."

Mwasenga alisimama nyuma yake akaitazama skrini kwa muda mrefu. "Ungesema dume tangu mwanzo," alisema, "ningekubali."

"Najua."

"Na angekuwa hai."

Otilia alimfunika samaki kwa karatasi. Kisha akainama juu ya meza na kulia kwa sauti, mikono yote miwili bado ina harufu ya karafuu. Mwasenga aliirudisha chupa ya kahawia kwenye begi lake, akatoka nje. Edina alibaki amekaa pale pale. Hakumgusa, na hakuondoka.

*

Edina alirudi peke yake, ghuba ilipopimwa ikaonekana safi na mwani umeota tena juu ya mawe. Magege walikuwa wameshaingia, alisema, wachache, ila wanene. Alikuja na lori lenye mapipa ya hewa.

Majike walikuwa wametaga mara kadhaa matangini, na watoto wao walikuwa wamekua. Walifanya kazi pamoja bila maneno mengi. Otilia alionyesha, Edina akafuata: majike wengi, madume wachache, ili madume wasiuane njiani wala majike wasifukuzwe hadi kufa. Edina aliwageuza mwenyewe wale wa mwisho, akikosea mara moja tu, akajisahihisha kabla hajaambiwa. Pipa lililojaa majike lilionekana kama lina tope linalotembea.

Mapipa yalipofungwa, Otilia alichukua koti lake.

"Daktari," Edina alisema. Alikuwa ameshika mlango wa lori. "Kijiji kilikaa. Wamesema samaki warudi. Wewe usirudi."

Otilia alisimama na koti mkononi. "Hata kutazama tu?"

"Hata kutazama."

"Na wewe, dada? Ulisemaje?"

Edina hakukwepa macho yake. "Nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Ulipomimina wale watoto kwenye ndoo, nilikuamini. Na uliposema hujui, nilikuamini zaidi. Lakini dada yangu alimzika mtoto msimu ule wa unga wa msaada. Siwezi kukuona ufukweni kila siku."

Otilia hakuwa amesikia habari hiyo. Alitikisa kichwa, mara moja, kisha akaenda kuangalia vifuniko vya mapipa kimoja kimoja, kama hewa inapita, kama kamba zimekazwa.

"Uwaachie taratibu," alisema. "Kwanza changanya maji ya ziwa kidogo kidogo kwenye pipa, wazoee. Usiwamwage. Majike wakae kwanza, waone mawe ya kujificha, ndipo uwatoe madume."

"Nimeelewa."

"Na ukiona yeyote koo limevimba, usimguse."

"Sitamgusa."

Lori liliwaka, likateremka taratibu kwenye barabara ya vumbi, Edina ameinama dirishani akitazama mapipa nyuma. Otilia alisubiri hadi likapotea kwenye mashamba ya kahawa. Kisha akaingia ghalani, akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaanza kutoa maji kwenye tangi la kwanza.